Mhusika Wako Anaitwa Nani? Mwongozo kwa Mwandishi wa Riwaya Aliyefika Karatu

Mpe Juma likizo. Ametumika katika vitabu vya Kiswahili tangu vile vya kujifunzia kusoma, akila embe, akipiga mpira, akitumwa dukani, na mpaka leo mwandishi akikosa jina anamwamsha tena. Asha naye apumzike. Ali akapumzike na ndugu zake wote. Hawana kosa lolote, na wapo Juma wengi wema duniani. Ila Juma wa riwaya yako hukumchagua. Ulimwokota kwa sababu alikuwa amelala karibu na kalamu.

Sasa umefika Karatu. Umekuja kuandika riwaya kwa sababu umesikia kuna udongo mwekundu, baridi ya asubuhi, magari ya watalii yanayopandisha kuelekea Ngorongoro, na vitunguu vya Mang'ola vinavyopakiwa kwenye malori. Vyote vipo. Lakini kabla hujaelezea hata kilima kimoja, kaa chini, agiza chai ya maziwa, ujiulize swali ambalo mwongozo huu wote umejengwa juu yake: huyu mhusika wangu, nani alimpa jina? Mtu, siku, sababu. Ukiyajua hayo matatu, jina litakaa kichwani mwa msomaji hata akisahau jalada la kitabu. Usipoyajua, rudi kwa Juma.

Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walilijua jambo hili, na usione haya kujifunza kwao. Katika Oliver Twist, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1837, Charles Dickens hakuliacha jina la yatima lidondoke kutoka mawinguni. Anatuonyesha mtu wa parokia, Bumble, mwenye kofia na majivuno, anayewagawia watoto wasio na wazazi majina kwa kufuata alfabeti. Aliyetangulia alikuwa zamu ya S, akaitwa Swubble. Huyu ni T, basi Twist. Wa mbele yake hawajazaliwa wala hawajaokotwa, lakini majina yao Unwin na Vilkins tayari yamepangwa. Kwa hesabu hiyo ya herufi tu unaelewa jinsi maskini walivyohesabiwa na kugawiwa. Hakuna hotuba inayohitajika tena. Emily Brontë mwaka 1847 akafanya lake katika Wuthering Heights: mtoto aliyeokotwa mitaani Liverpool anapewa jina la mtoto aliyefariki wa nyumba iliyompokea. Heathcliff. Analibeba peke yake, ndilo lake na ndilo la ukoo, maana ukoo hana. Mtu anayetembea na jina la marehemu katika nyumba ya watu, unatarajia aishi kwa utulivu?

Kabla hujasema hayo ni mambo ya Ulaya, nenda Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kikachapishwa mwaka 1980. Kichwa cha kitabu ni majina ya watu wanne: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mchapishaji wa leo angemshauri akifupishe, na mchapishaji huyo angekosea. Kitabu kinahusu mume na mke wanaotafuta mtoto mpaka ndoa yao inatikisika, na majina ya watoto wanaopatikana hatimaye yanabeba kumbukumbu ya vifo na huzuni, kama wazazi wengi wa kisiwani walivyowaita watoto waliofuata misiba. Kwa hiyo jalada lenyewe limeshakusimulia habari: wawili waliotamani, wawili waliopatikana. Msomaji anayesema majina hayo ni marefu, msomeshe polepole.

Kisiwa kilekile kinampa Euphrase Kezilahabi nyumba ya Zakaria na Regina katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Sikiliza binti zao: Rosa, Flora, Honorata, Stella, Sperata. Yaseme kwa sauti na utanusa ubani. Ni majina ya daftari la ubatizo, ya misa ya Kilatini, na lile la Rosa Mistika limetoka katika litania ya Bikira Maria. Zakaria mlevi na mkali hakulitunga. Kanisa lilimpa, naye akampa binti yake, na riwaya nzima ni safari ya msichana huyo kutoka katika jina alilopewa. Kezilahabi hakulazimika kutuambia kwamba mmisionari alipita hapo. Orodha ya watoto imetosha.

Haya, turudi Karatu, chai isipoe.

Wilaya hii ni ya Wairaqw hasa, wale ambao nchi nzima inazoea kuwaita Wambulu. Kwao jina la mtoto mara nyingi ni taarifa ya siku aliyozaliwa. Tluway ni mvua. Lohay amebeba njia ndani ya jina lake: mama alikuwa safarini uchungu ulipomshika. Bura linakumbuka pombe iliyokuwa imepikwa nyumbani. Na Safari, jina la Kiswahili kabisa, limepokelewa huku na kuota mizizi. Unaona utajiri uliowekewa mezani? Ukimwita mhusika wako Tluway, umeshapata onyesho la kwanza la riwaya bila kulitolea jasho. Ila lazima ulilipie. Lazima ujue ilikuwa mvua gani. Ilikuwa ile iliyosubiriwa mpaka mahindi yakaanza kujikunja, ikaja usiku, na mama mkwe akatoka nje na kushukuru? Au ilikuwa ile iliyoharibu ngano iliyokwisha kukomaa, ikaacha nyumba na mtoto mchanga na deni la mbegu? Ni jina lilelile, lakini Tluway wa kwanza atapendwa na bibi yake maisha yote, na Tluway wa pili kila baba yake akimwita atakumbuka hasara. Andika uamuzi wako pembeni na usiubadilishe ukurasa wa mia mbili.

Vivyo hivyo Lohay. Njia ipi? Mama alikuwa anatoka Mbulu kwenda wapi, na kwa nini alisafiri katika hali ile? Mwandishi akishindwa kujibu, ajue hana haki ya jina hilo bado.

Halafu kuna tabaka la pili, la kanisani, na hapa naomba usiwe na haraka, maana ndipo waandishi wengi wanapochoka na kuandika Peter au John kisha wakaendelea. Chukua mfano ambao nchi nzima inaufahamu: Wilbrod Peter Slaa, padri wa zamani, aliyekuwa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010 na mgombea urais mwaka huohuo wa 2010. Siasa zake tuziache, tulitazame jina. Wilbrod ni mtakatifu wa karne ya 7 na ya 8, mtu wa kaskazini mwa Uingereza aliyevuka bahari kwenda kuhubiri katika nchi ambayo leo ni Uholanzi. Peter ni mvuvi wa Galilaya. Slaa ni Kiiraqw. Bahari ya Kaskazini, Galilaya na miinuko ya Mbulu vimekaa pamoja katika jina la mtu mmoja, na wananchi walilizoea mpaka likaandikwa kwenye fulana. Kwa hiyo mhusika wako wa Karatu aliyezaliwa miaka ya 1950 au 1960 mpe jina la ubatizo la wakati ule, mojawapo ya yale ambayo leo hayasikiki sana mjini: Filbert, Paskali, Emiliana. Mwanariadha Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2, ulimwengu ulijifunza jina ambalo lisingeweza kutoka popote pengine: Mtakatifu Filbert wa Ufaransa mbele, Bayi wa huku nyuma. Wajukuu wa kizazi hicho ni Brighton na Gladness. Jina la ubatizo ni saa. Ukimpa mzee wa miaka themanini jina la Brian, msomaji wa Rhotia atafunga kitabu chako akachunge.

Usiogope herufi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona miswada ambayo mhusika wa Karatu ana jina la Pwani kwa kuwa tu mwandishi aliogopa mchapa. Kiiraqw kina sl, sauti inayotoka pembeni mwa ulimi. Kina tl, inayopasuka. Kina q ya kooni na hh inayokwaruza. Qambalo, Hhawu, Tluway, Slaa. Yaandike kama wenyewe wanavyoyaandika. Usiweke mabano ya kumfundisha msomaji matamshi. Mpe mhusika mwingine, mgeni, ajaribu kulitamka mbele ya bibi, akosee, na bibi amrekebishe mara moja tu. Msomaji atajifunza hapohapo. Na kama una wasiwasi kwamba Watanzania hawataweza, kumbuka kwamba wametamka Slaa kwenye mikutano ya hadhara kuanzia Mwanza mpaka Mtwara. Walikosa sauti yenyewe, kweli, lakini jina hawakulikosa.

Chunga sana ukishuka kuelekea Ziwa Eyasi. Kule zinakutana familia nne za lugha za Afrika katika eneo dogo la ajabu: Wairaqw na Kikushi chao, Wadatoga na Kiniloti, wasemaji wa Kibantu waliofuata mashamba ya vitunguu, na Wahadzabe ambao lugha yao haina ndugu inayojulikana. Herufi q ya Kiiraqw ni sauti ya kooni. Herufi q katika maandishi ya Kihadza ni kidoko, mdomo unapiga kama kizibo. Ukichanganya, umemhamisha mtu kabila bila kumwuliza. Wadatoga nao wana alama zao: jina la mwanamume mara nyingi huanza na Gida, la mwanamke na Uda. Gidamis Shahanga alipotwaa marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, mtu wa Eyasi aliyesikia redioni hakuhitaji kuambiwa mengi. Na wewe msomaji wako wa Eyasi usimwambie mengi. Andika Gida, mwache ajue.

Sasa panda mpaka geti la Lodoare, uingie kwa Wamasai. Kosa la kwanza la mgeni ni kumwita kila mtu Mollel au Laizer. Hizo ni koo, na ndani ya Endulen au Nainokanoka kumwita mtu kwa ukoo peke yake ni sawa na kusimama sokoni Kariakoo uite, we Mzaramo! Wana majina yao: Naserian, mwenye amani, Namunyak, mwenye bahati, Lemayian, wa baraka. Jina la namna hiyo ni dua, na dua inaweza kujibiwa au kukataliwa, na hapo ndipo penye riwaya. Naserian gani asiyejua vita? Lakini kitu kinachonisisimua zaidi ni desturi ya zamani ya kutolitaja jina la aliyekufa. Waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walioandika juu ya Wamasai walieleza kwamba hata neno la kawaida lililofanana na jina la marehemu liliweza kuachwa na familia yake, wakatafuta jingine. Fikiria mzigo huo unavyomwangukia mwandishi. Umemjenga mhusika kwa kurasa mia na hamsini, anafariki katika sura ya kumi, na kuanzia hapo hakuna mtu wa boma lake anayelitaja jina lake. Utasema nini? Utazunguka. Utaandika kuhusu fimbo yake, ng'ombe wake mwekundu, mahali alipopenda kuketi. Brontë alimpa mtoto wa kuokotwa jina la marehemu. Huku jina la marehemu linafungiwa. Huwezi kuhamisha Heathcliff mpaka Ngorongoro kwa kubadili mavazi tu, na afadhali iwe hivyo, kwa sababu riwaya utakayoiandika kwa kufuata kanuni ya hapa haijaandikwa bado.

Nije kwenye majina yanayotangaza tabia, kwa sababu najua unayataka. Unataka afisa mla rushwa umwite Bwana Tamaa. Unasema Shaaban Robert alifanya hivyo. Alifanya, tena kwa ustadi, na lazima tuseme alifanyaje. Katika Kusadikika ya 1951 mshtakiwa ni Karama na mshtaki wake ni waziri Majivuno; wajumbe waliotumwa pande nne za upepo, mbinguni na ardhini ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Nchi yenyewe inaelea angani. Katika nchi inayoelea, mtu kuitwa kwa sifa yake ni uraia. Masikio ya msomaji yanajua kwamba yumo katika fumbo, na fumbo hilo liliandikwa chini ya mkoloni, ambapo kumtaja waziri kwa jina lake la kweli kungekuwa na bei. Hata hivyo hata yeye, katika Adili na Nduguze ya 1952, anatupa ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao majina yao yanasema jambo moja. Nimekisoma kitabu kile kwa mapenzi, na mpaka leo nikiulizwa yupi kati yao alifanya nini, nawachanganya. Adili simsahau. Ndilo darasa: jina la sifa linadumu likiwa peke yake, yakiwa mawili ya maana moja, yanakulana.

Wewe riwaya yako haielei. Inapita Karatu mjini, ina kituo cha mafuta na duka la pembejeo. Mle ndani ukimleta Bwana Tamaa, msomaji anajua mwisho wake kabla hajakohoa. Fanya kama Ken Walibora katika Kidagaa Kimemwozea: mtawala anaitwa Mtemi Nasaba Bora, na kadiri unavyomfahamu ndivyo hiyo nasaba inavyokupa mashaka. Au fanya kama Kezilahabi, ambaye kwa maoni yangu hajapitwa na mtu kwa jambo hili. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, kijana anayeishia kumwua Mkuu wa Wilaya na kuhukumiwa kunyongwa anaitwa Tumaini. Katika Kichwamaji msimuliaji ni Kazimoto: moto kwenye jina, maji kwenye jalada. Katika Gamba la Nyoka vijana wawili wanaitwa Mambosasa na Mamboleo, nao wamefanana majina kwa makusudi, maana siasa za wakati ule ziliwataka vijana wote wafanane. Said Ahmed Mohamed katika Asali Chungu alimwita mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa Dude, na silabi hizo mbili zinauma kuliko kurasa za malalamiko. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad anatupa mtumishi aitwaye Kijakazi. Jina limemla mtu. Rudi kwenye swali letu: nani alimpa? Waliomwita hivyo wamejishtaki wenyewe.

Dickens naye alikuwa na Bwana Tamaa wake. Mwalimu wa shule katika Hard Times anaitwa M'Choakumchild, yaani mnyonga watoto, na mtu hacheki mara mbili. Lakini mwaka 1843 akamtoa Scrooge, jina ambalo kwa msomaji wa kawaida halikuwa na maana yoyote ya kuliangalia. Lilikuwa na mkwaruzo tu, na mkwaruzo ule ukatosha mpaka leo bahili yeyote wa Kiingereza anaitwa hivyo. Baba wa kambo wa David Copperfield ni Murdstone, ukilisikia unasikia mauaji na jiwe, lakini hakuna anayeweza kukushika kwamba limesemwa wazi. Tafuta sauti kama hiyo kwa Kiswahili. Sema jina mara nyingi jikoni, barabarani, kwa hasira, kwa kunong'ona. Kama haliwezi kuitwa kwa hasira, mhusika huyo hatagombana na mtu na riwaya yako itadorora.

Ufupi nao ni silaha. Mpelelezi wa kwanza mkubwa wa riwaya za Kiswahili, anayevuta kiko na kufikiri kabla ya wenzake, anaitwa Bwana Msa, na msaidizi wake ni Najum. Aliibuka katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Msa ni Musa kama anavyoitwa na jirani, na papo hapo ni M, S na A za mwandishi wake, Mohamed Said Abdulla. Herufi tatu, na mwandishi amejificha humo mchana kweupe. Babu wa Kiingereza wa Bwana Msa alikaribia kuharibika: Arthur Conan Doyle katika maandalizi ya hadithi ya kwanza ya 1887 alikuwa ameandika Sherrinford Holmes, na Daktari Watson alikuwa aitwe Ormond Sacker. Fikiria kumwita Ormond Sacker mtu unayempenda. Alifuta. Kufuta ni kazi ya mwandishi, na ndiyo hatua ya mwongozo huu ambayo watu wengi wanairuka. Baadaye Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, na Ben Mtobwa akatuletea Joram Kiango: neno moja la kigeni, moja la kwetu, na vijana wa miaka ya themanini wakayabeba mpaka bwenini. Kwa nini yalikaa? Kwa sababu yalikuwa na mwendo. Willy Gamba unaweza kulitamka ukikimbia.

Ukitaka kuona jinsi jina linavyopita mpaka, tazama tafsiri. Alice wa Lewis Carroll, wa mwaka 1865, aliingia kwetu mwaka 1940 kama Elisi katika Nchi ya Ajabu, akakaa vizuri kana kwamba alibatizwa Muheza. Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotafsiriwa na Frederick Johnson, ilitupa Allan Quatermain, na ndani ya hadithi ile Waafrika wana desturi nzuri kuliko mwandishi wake alivyotambua: kila mzungu anayefika wanampa jina lao, mmoja kwa kukesha kwake, mwingine kwa kioo chake cha jichoni. Ichukue hiyo bila kuomba ruhusa. Karatu inapokea wageni kila siku. Dereva, mpishi, mlinzi wa loji, kila mmoja amewapa wageni majina ambayo wageni hawatayajua kamwe. Riwaya yako ikiwa na mtalii, usimtafutie jina la pasipoti kwanza. Muulize mpishi anamwitaje.

Na hapa ndipo Ngorongoro inapowashinda Wavictoria wote, kwa sababu hata mifupa yake imepewa majina na kila jina lina mtoaji. Bonde tunaloliita Oldupai, kwa jina la Kimasai la mkonge wa mwituni, lilisikiwa vibaya na Mjerumani Wilhelm Kattwinkel mwaka 1911 na dunia ikaandika Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey akaliona fuvu lililokuja kuitwa Zinjanthropus boisei: Zinj, jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu, anthropus, mtu kwa Kigiriki, na Boise, tajiri aliyelipia uchimbaji. Hebu lisome tena. Pwani, elimu na pesa, kwa mpangilio huo. Nyumbani kwa akina Leakey walimwita Dear Boy, kama mtoto wa jirani. Mwaka 1968 Peter Nzube, mmoja wa wachimbaji, akapata fuvu jingine lililokuwa limebanwa na mwamba mpaka likawa bapa, likaitwa Twiggy, kwa heshima ya mwanamitindo mwembamba wa London. Umri wake ni karibu miaka milioni 1.8 na jina lake ni la gazeti la mitindo! Hakuna mwandishi wa riwaya aliyethubutu kiasi hicho.

Ndani ya kreta, faru jike Fausta aliishi mpaka tarehe 27 Desemba 2019, akafa akiwa na miaka 57, na vyombo vya habari vya dunia vikamwandika kama bibi aliyefahamika. Wapo faru wengi waliokufa bila mstari mmoja gazetini. Na faru John, aliyehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Grumeti mwishoni mwa 2015, alizungumzwa nchi nzima mwaka uliofuata, baada ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, kuuliza aliko na kuagiza uchunguzi. Jaribu kuisimulia habari ile kwa kusema mnyama mmoja alihamishwa. Haisimuliki. Ni John, jina la kawaida kuliko yote, juu ya mwili wa kifaru, ndilo lililoifanya iketi kwenye vijiwe. Kwa hiyo naomba nirudishe kidogo ukali wa mwanzo: jina la kawaida linaweza kufanya kazi kubwa, likiwekwa mahali ambapo halikutarajiwa. Hata Juma anaweza kurudi, siku utakapompa Juma kuwa jina la fahali wa mzee wa Kitete.

Bado mambo mawili ya adabu. Usichukue jina zima la mtu aliye hai. Wilaya hii watu wanafahamiana, na jina la kwanza la huyu ukiliunga na la baba wa yule umepata mtu mpya ambaye hamdai mtu. Lakini chunga koo usiziunganishe ovyo, maana utaoza ndugu kwa ndugu na hutajua kwa nini wasomaji wa Endabash wameguna. Pili, watu wakubwa hawaitwi kwa majina. Ndani ya mazungumzo mwache mama awe Mama Lohay, mzee awe Babu, na jina lake halisi lije mara moja, kwa mfano pale karani wa kijiji anapolisoma kwenye orodha na wajukuu wanashtuka kwamba babu yao ana jina. Onyesho hilo ni zawadi yangu kwako, litumie.

Muswada ukiisha, upeleke kwa mzee mmoja wa Mbulumbulu au Oldeani mwenye subira. Usimpe kurasa zote. Mtajie majina tu, moja moja, kama karani anavyoita mahudhurio. Akikaa kimya, jina hilo limekufa, lifute. Akicheka, muulize sababu na uiandike. Akikuuliza, huyo ni mtoto wa nani, basi mhusika wako amezaliwa. Na akikujibu kwamba anawafahamu watatu wenye jina hilo, mmoja wao ana kesi ya shamba, badilisha la ukoo kabla kitabu hakijaenda kwa mchapa.